Bukavu: Utafiti unaobaki ndani ya kabati

Kufundisha, kutafiti, kutumikia raia: ndizo kazi tatu za chuo kikuu. Katika vyuo vingi vya Kongo, ya kwanza ndiyo inaonekana zaidi, sababu ndiyo inaingiza pesa za wanafunzi.

Panzi inaonyesha njia ingine. Katika hospitali hiyo iliyoanzishwa 1999, wanafunzi wa udaktari wa UEA wanajifunza penye vitanda vya wagonjwa. Daktari Denis Mukwege naye alitetea Bruxelles, mwaka 2015, utafiti juu ya fistula za wanawake wa mashariki mwa Kongo.

Mukulima wa Kabare, ambaye migomba yake inanyauka, hana Panzi yake. Mwanafunzi anakuja, anapima shamba, anatetea kazi yake mbele ya maprofesa. Mwenye shamba mara nyingi harudishiwi jibu.