Picha Moja, Madaraja Mawili

Mtoto wa mtaa wa Manyatta akiteleza kwenye mpera akatanguliza kiganja, huletwa mkono umefungwa kwa leso ya mama. Wengine huanzia kituo cha afya cha jirani, wengine moja kwa moja Russia, kama tunavyoiita hadi leo hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa 1969. Eksirei ikitoka, anayeisoma kwanza mara nyingi si bingwa wa mifupa. Ni afisa wa kliniki wa zamu. Toleo hili la jarida letu linamhusu yeye.

Madaraja anayotumia kupima mvunjiko wa juu ya kiwiko aliyapanga John Gartland, daktari mpasuaji wa Marekani, mwaka 1959. La kwanza, mfupa umepasuka ila haujahama. La pili, umeinamia nyuma lakini gamba la nyuma bado limeshika. La tatu, vipande vimeachana. Baadaye daktari mwingine, Wilkins, akaligawa la pili kuwa 2A na 2B, wengine wakaongeza la nne.

La tatu halina ubishi. Hata mama mtoto analiona. Mvutano uko kati ya la kwanza na la pili, na hapo ndipo tiba inapoamuliwa: plasta na kurudi nyumbani, au mfupa urudishwe mahali pake, pengine kwa pini. Kipimo chenyewe ni mstari unaochorwa ukishuka mbele ya mfupa wa mkono. Kwa kawaida hupita katikati ya kapitelumu, ile tufe ndogo upande wa nje wa kiwiko. Ukipita mbele yake, mfupa umeinama. Lakini kwa mtoto aliye chini ya miaka minne mstari unaweza kupita theluthi ya mbele na pasiwe na tatizo. Tena mtoto anayelia na kujivuta hapigiki picha ya ubavu iliyonyooka. Mkono ukipinda kidogo tu, mstari unadanganya, na wasomaji wawili makini watatoka na madaraja mawili.

Tafiti hupima makubaliano ya wasomaji hao kwa kappa, kipimo cha Jacob Cohen cha mwaka 1960, kinachoondoa yale makubaliano ya kubahatisha. Sina ugomvi nacho. Ninachouliza ni nani aliyepewa kuzisoma hizo picha. Mabingwa watatu wakiwekewa picha safi, zenye mivunjiko iliyo wazi, watakubaliana vizuri, na afisa wetu wa usiku hatapata chochote humo. Tunataka asome naye. Tunataka na picha mbovu ziingizwe, pamoja na zile zilizopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp. Waandishi, mtuonyeshe pia wasomaji walipotofautiana, na kama tofauti hiyo ilibadili matibabu. Ubishi wa 2A na 2B usiobadili tiba tuuachie makongamano (huko chai haikosekani).

Kuna na mshipa mkuu wa damu, unaopita mbele ya mfupa huohuo na usioonekana kwenye eksirei ya kawaida. Mkono baridi, usio na mpigo kwenye kifundo, ni dharura hata faili iseme daraja gani. Daktari Volkmann alieleza tangu 1881 jinsi misuli iliyokosa damu inavyokakamaza mkono. Kwa hiyo makala ya madaraja isiyosema kama mpigo ulipimwa kabla na baada ya plasta, tutairudisha kwa mwandishi.