Mkufunzi au Mfuko?

Kuna dai linalorudiwarudiwa na mashabiki wa mpira wa vikapu barani Ulaya, kwamba ubingwa hununuliwa. Klabu yenye mfuko mnono huwasajili nyota, naye kocha husimama kando ya uwanja akifoka na kungojea kombe. Dai hili halina mashiko.

Na itazamwe Partizan ya Belgrade. Mwaka wa 1991 klabu hiyo ilimkabidhi timu Željko Obradović, mchezaji wake aliyekuwa ndiyo kwanza anastaafu. Yugoslavia ilikuwa ikisambaratika kwa vita, na Partizan ikalazimika kuchezea takriban mechi zake zote za nyumbani mjini Fuenlabrada, Uhispania. Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Hawa kwao hawakuwa nako, na wengi wao walikuwa vijana wabichi. Hata hivyo, mwaka wa 1992 waliilaza Joventut 71-70 katika fainali mjini Istanbul, kwa mtupo wa mbali wa Aleksandar Đorđević katika sekunde za mwisho. Mwaka wa 1994 Obradović alilitwaa taji lilo hilo akiwa na Joventut iyo hiyo. (Aliyelizwa naye ndiye aliyemwajiri!) Kufikia 2017 alikuwa na mataji 9, aliyoyapata na klabu 5.

Watetezi wa mfuko watajibu, wala si bure, kwamba Real Madrid, Panathinaikos na Fenerbahçe si maskini. Naam, lakini matajiri ni wengi na kombe ni moja. Isitoshe, mwaka wa 1993 Božidar Maljković aliiongoza Limoges ya Ufaransa kuishinda Benetton Treviso 59-55, kwa ulinzi mkali na mchezo wa taratibu uliowaudhi wengi. Yamkini haukupendeza macho. Ulifundishwa, ukafundishika.

Nyuma ya Obradović alikuwapo Aleksandar Nikolić, aliyeipa Varese ya Italia ubingwa wa Ulaya mwaka wa 1970, 1972 na 1973, kisha akamshauri kijana huyo katika msimu wake wa kwanza. Kwao aliitwa Profesa. Neno 'mkufunzi', ambalo vyombo vya habari vya Kenya hulitumia kwa maana ya kocha, huenda likaonekana pambo tu. Kwa Nikolić lilikuwa kazi yenyewe.

Obradović alirejea Partizan mwaka wa 2021, na hadi alipojiuzulu mwaka wa 2025 kombe la Ulaya lilimpiga chenga. Fedha zilikuwapo. Wachezaji ndio waliokuwa wakiingia na kutoka msimu baada ya msimu.