Sabuni Haina Kosa, Wala Si Dawa

Mwandishi aliyeshauri kwamba mashine ya kuoshea vyombo ya jiko la pamoja ikitoa sahani zenye utando mweupe iongezewe sabuni, amepotosha. Utando ule mara nyingi ni chokaa ya maji magumu, hasa ya kisima. Sabuni ikizidi huleta povu, na povu huipunguzia pampu nguvu.

Angeanza na chujio: litolewe, lisafishwe punje za wali na maganda ya nyanya. Kisha mikono inayonyunyiza maji, maana vitundu vikiziba sahani hazifikiwi. Halafu asome kipimajoto. Mashine inayoua vijidudu kwa joto huhitaji maji ya kusuuzia ya takriban nyuzi 82 za Selsiasi. Yasipofika, hita ikaguliwe. Huenda imevaa ukoko wa chokaa. Ukoko huondolewa kwa dawa ya asidi, isichanganywe kamwe na klorini, kwani hutoa gesi ya sumu.

Kuwalaumu “wapishi wachafu”, kama alivyofanya mwandishi huyo, nako ni kukwepa hoja. Cha wote hakina mwenyewe. Bandikeni zamu ya kusafisha chujio ukutani kabla hamjamwita fundi.