Nairobi Si Saa Moja

Nina neno juu ya safari ya darasa letu la Jiografia.

Mmoja wa wanafunzi wa zamani, Mungu ambariki, amejitolea kutulipia nauli ya ndege kwenda Nairobi. Fedha zake zatosha watu 6. Darasani tu 31. Wanaolisifu shauri hilo wana hoja moja tu: ati kwa ndege Nairobi ni mwendo wa saa moja, na kwa basi ni kutwa nzima.

Ni kweli kwamba kutoka Entebbe mpaka Nairobi kwa njia ya angani ni kama kilomita 520, na ndege huchukua saa moja na dakika chache. (Ndege iendayo kilomita 800 kwa saa ingeumaliza mwendo huo kwa dakika 40 hivi, lakini haikimbii hivyo tangu kuruka mpaka kutua: hupanda kwa kitambo, na haijakaa sana juu imekwisha kuanza kushuka.)

Lakini je, sisi twakaa Entebbe? Sisi tu Tororo, na mpaka wa Kenya pale Malaba hauko hata kilomita 20 kutoka hapa. Atakayepanda ndege lazima kwanza aipe Nairobi kisogo, aende magharibi kilomita 200 na zaidi mpaka Kampala, kisha 40 nyingine mpaka Entebbe. Hesabuni basi: saa 5 za barabarani, kama msongamano wa magari wa Kampala utatuhurumia, saa 2 au 3 za kungoja uwanjani, saa 1 na robo angani, na saa nyingine 1 ya kukaguliwa, kungoja mizigo na kuingia mjini. Ni saa 9 au 10.

Kwa basi, kupitia Malaba, Eldoret na Nakuru, njia yote ni kama kilomita 450. Yaani barabara yetu ni fupi kuliko njia ya ndege yenyewe! Basi likienda kilomita 50 kwa saa, na tukiongeza saa moja ya mpakani, ni saa 10. Faida ya ndege i wapi?

Tena hii ni safari ya Jiografia. Basi litapanda nyanda za Eldoret, mita 2,000 na zaidi juu ya bahari, livuke Ikweta karibu na Timboroa, kisha literemke katika Bonde la Ufa, lile tulilolichora daftarini tangu Kidato cha Kwanza. Wale 6, wakibahatika kukaa dirishani, wataona Ziwa Viktoria na mawingu.

Ndege ina watu wake: mgonjwa, au mfanyabiashara wa Kampala atakaye kurudi jioni ile ile. Na barabara ina hatari zake, sikatai. Kwa hiyo tusisafiri usiku. Tukiondoka saa 12 asubuhi, saa 10 alasiri tumefika.

Naiomba kamati ya safari iulize bei ya kukodi basi kabla haijakata tiketi hizo 6. Na mfadhili wetu akipata nafasi ya kufuatana nasi, tutamwekea kiti cha dirishani upande wa kulia, maana ndio utazamao bonde basi likipanda kutoka Naivasha.