Bili ya Simu Isiyosomeka ni Dhuluma

Kodi ambayo mlipaji haioni ndiyo iliyo rahisi zaidi kuongezwa. Twasema haya kwa sababu gharama ya simu majumbani imeachiwa wahasibu, ilhali ni suala la utawala kama lilivyo suala la kura.

Hadi mwaka 1999, Shirika la Posta na Simu la Kenya liliuza huduma ya simu na papo hapo likaisimamia sekta yenyewe. Katika mitambo ya kale, mita ilihesabu vipimo tu. Haikuandika namba iliyopigwa wala saa. Mwananchi aliyekana simu alizotozwa alikuwa na neno lake peke yake, na wa kumsikiliza ni yule yule aliyemdai. Sisi mawakili twafundishwa mapema kabisa kwamba mtu hawezi kuwa hakimu katika kesi yake mwenyewe. Kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria mwaka 1982, kilifutwa Desemba 1991, lakini ukiritimba wa simu uliendelea kustarehe. Ni Sheria ya Mawasiliano ya 1998 iliyotenganisha usimamizi na biashara.

Ilikuwa hatua njema. Hata hivyo, malipo ya kufichwa hayakuondoka na shirika lile; yalibadili vazi tu. Tazameni hesabu. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 juu ya huduma za simu na intaneti, baada ya kuwa asilimia 20 tangu 2021. Juu yake huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, ambayo hupigwa si kwa bei ya huduma pekee bali kwa bei iliyokwisha kubeba ushuru. Kwa viwango hivyo, huduma ya shilingi 100 humfikia mnunuzi kwa shilingi 133 na senti 40. Mjuzi wa hesabu atauliza: mbona si 131? Zile shilingi mbili na senti 40 ni kodi iliyotozwa kodi. Ni halali, maana Bunge limepitisha. Tunalolipinga ni kwamba mama anayenunua muda wa maongezi kibandani haonyeshwi mgawanyo huo. Muswada wa Fedha wa 2024 ulipotaka kurudisha asilimia 20, vijana waliusoma na kuupinga barabarani, na baadhi yao wakauawa, kabla haujaondolewa. Kusoma kumbe kuna uzito.

Makato ya kampuni ni machafu zaidi, kwa kuwa hakuna aliyeyapigia kura. Ujumbe wa kila siku kuhusu mpira, nyota, hata aya za Maandiko, hukata shilingi chache chache kutoka kwa mteja asiyekumbuka kuukubali. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuongeza bei. Wao angalau walihitaji mizani ya kushikwa mkononi.

Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya habari anazohitaji ili anufaike na huduma, ulinzi wa maslahi yake ya kiuchumi, na fidia anapodhurika. Basi twadai mambo yaliyo wazi. Kila bili, ya karatasi au ya kielektroniki, itenge bei ya huduma, ushuru na kodi. Huduma ya ziada isianze bila kibali cha mteja, na kampuni ndiyo ibebe mzigo wa kuthibitisha kibali hicho. Kwa sasa mzigo huo umewekwa mabegani mwa mjane, kana kwamba yeye ndiye mwenye kompyuta za kumbukumbu.

Makanisa yenye kamati za haki na amani yaweza kuanza Jumapili hii: waumini walete bili na jumbe za makato. Andikeni malalamiko kwa kampuni kwanza, mkihifadhi nakala na tarehe. Jibu lisiporidhisha, yapelekeni kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Malalamiko arobaini ya parokia moja, yakiwa katika bahasha moja, hayapotei kwa urahisi kama moja.