Mkemia wa Chiromo na Wasifu Usioandikwa

Mvua inyeshapo Mutuini, maji hayatulii. Huteremka kutoka katika vishamba vya sukuma wiki na viazi, yakaingia katika vijito vya upande wa Dagoreti vinavyolisha Mto Motoine. Motoine huishia katika Bwawa la Nairobi, na maji yakitoka humo huitwa Mto Ngong, ambao huungana na Mto Nairobi na hatimaye Mto Athi. Athi nao hubadili jina ukawa Galana, kisha Sabaki, na chini ya jina hilo la mwisho humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, kaskazini mwa Malindi. Mkulima aliyepulizia mboga zake dawa asubuhi ana uhusiano, apende asipende, na mvuvi ambaye hajapata kumwona.

Uhusiano wa namna hiyo ndio uliomshughulisha Profesa Shem Wandiga, mkemia aliyefundisha kwa miongo kadhaa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Yeye na wenzake, akiwemo Joseph Lalah, walichunguza mwendo wa viuatilifu, hususan DDT na jamii yake, katika udongo, maji na viumbe wa nchi za joto. Mwaka 2001 alichapisha makala kuhusu matumizi na msambao wa viuatilifu vya aina hiyo na mustakabali wake barani Afrika. Mwaka uliofuata zikatoka tafiti kuhusu mabaki ya sumu hizo katika pwani ya Kenya. Yote hayo yaliandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kumjua mtu huyu kwa lugha anayoisomea atatafuta sana, na yamkini atarudi mikono mitupu.

Hapa pana kasoro ambayo wanafasihi hawawezi kuwasukumia wanasayansi. Wasifu ni utanzu wa fasihi ya Kiswahili wenye heshima yake. Shaaban Robert aliupa hadhi kwa kuandika maisha ya Siti binti Saad, na hakuona haya kueleza ufundi wa mwimbaji yule pamoja na nasaba yake. Lakini tangu hapo wasifu umeelekea zaidi kwa wanasiasa, mashujaa na washairi. Mtu aliyetumia ujana wake kupima kiasi cha sumu katika nyama ya chaza huonekana hana kisa. Tasnifu, kwa upande wake, zinaendelea kuhakiki riwaya zile zile, wakati mwingine kwa nadharia ile ile, na wasimamizi wamezoea.

Kisa kipo. DDT iliundwa mara ya kwanza mwaka 1874, ikakaa miaka mingi bila kazi mpaka Paul Müller wa Uswisi alipogundua kuwa inaua wadudu. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Iliokoa maisha ya wengi kwa kuua mbu wa malaria. Baadaye ikabainika kwamba haiyeyuki vyema katika maji bali hupenda mafuta, kwa hiyo hujikusanya katika miili ya viumbe na kuongezeka kila kiumbe kimoja kinapoliwa na kingine. Ili kuifuatilia, kundi la Nairobi lilitumia DDT iliyotiwa kaboni-14, ambayo ni nururifu. Mnururisho wake ulikuwa kama kengele shingoni mwa mbuzi: popote ilipokwenda, ilisikika. Katika matangi yaliyotengenezwa kuiga bahari, ilionekana ikiyaacha maji na kuhamia katika mashapo na katika chaza. Msomi wa fasihi akiyatazama hayo hawezi kudai kwamba hayana mhusika, safari wala mgogoro.

Jambo zito zaidi ni la lugha. Tafiti za nchi za joto zilionyesha kwamba DDT hupungua udongoni haraka kuliko katika nchi za baridi. Mfasiri wa pupa ataandika kuwa katika joto dawa hii "hutoweka" upesi, na msomaji wa Mutuini atashusha pumzi. Atakuwa amedanganywa. Sehemu kubwa ya upungufu huo hutokana na mvukizo: jua hulitoa kemikali udongoni likaingia hewani, upepo ukalibeba, na baridi ya mbali ikalishusha tena. Ndiyo maana sumu za aina hii zimepatikana hata katika miili ya wanyama wa Aktiki, mahali pasipolimwa chochote. Kilichosemwa kuwa kimetoweka kimehama tu. Kiswahili kina kuoza, kuvunjikavunjika, kuvukiza, kuhama na kutoweka, na kila kitenzi hapa kinabeba ukweli wake. Kemia peke yake haitoshi kuchagua baina ya vitenzi hivyo. Anahitajika mtu aliyefunzwa kuvipima.

Wapo watakaosema istilahi hazitoshi. Hoja hiyo ilikuwa na uzito zamani. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na ingawa kamusi hiyo haikidhi mahitaji yote ya leo, inatosha kuanzia. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa katika matini ndefu zinazosomwa na watu, na kamati peke yake haiwezi kuzikomaza. Wasifu ungekuwa uwanja mwafaka wa majaribio, kwa kuwa msomaji huvumilia neno geni akiwa anamfuata binadamu mwenzake.

Na haki imo ndani yake. Mkataba wa Stockholm kuhusu vichafuzi sugu vya aina hii ulipitishwa mwaka 2001, ukaanza kutumika mwaka 2004, na Kenya ikauridhia mwaka huo huo. Unaruhusu DDT kwa ajili ya kupambana na wadudu waenezao maradhi, kwa masharti. Vilevile unahusu dioksini, ambazo huzalika plastiki fulani zinapochomwa ovyo, jinsi zinavyochomwa jioni nyuma ya nyumba nyingi za Nairobi. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mama wa Mutuini anayenunua dawa katika agroveti ana haki mbili zinazokutana katika chupa moja.

Kutoka kampasi kuu hadi Chiromo, iliko kemia, ni mwendo wa miguu usiotimu nusu saa, na Mto Nairobi unapita hapo hapo kando. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada anaweza kuvuka siku yoyote akiwa na kalamu na daftari, akaomba kuonyeshwa jinsi chaza anavyopimwa.