MAONI: Sindano si lazima ishinde kidonge

Humu kambini kuna imani kwamba dawa ya kweli ni ya sindano. Mgonjwa akitoka kliniki na pakiti ya vidonge, husema hakutibiwa. Kwa magonjwa ya kifua imani hii inatuumiza.

Dawa huponya ikifika pale vijidudu vilipo, tena kwa kiasi cha kutosha. Sindano huifikisha kwenye damu haraka, ni kweli. Lakini kutoka kwenye damu hadi ndani ya pafu kuna safari nyingine. Streptomisini na jentamisini hudungwa, na bado huingia pafuni kwa shida. Iko pia daptomisini, dawa kali ya kupitishwa kwenye mshipa. Kwa nimonia ilishindwa, na mwaka 2005 watafiti walionyesha sababu: ute unaozuia vifuko vya hewa visigandamane huikamata na kuizima.

Wataalamu wanajuaje? Kupima damu peke yake hakutoshi. Huingiza mrija mwembamba hadi pafuni, wakamimina maji kidogo ya chumvi, wakayafyonza tena na kupima dawa iliyomo. Kwa kuwa maji hayo yamezimua ute wa pafu, hupima pia yurea, ambayo kiasi chake katika damu na katika ute hukaribiana. Wakilinganisha, wanajua ute umezimuliwa mara ngapi.

Kwa kifua kikuu hata hapo kazi haijaisha, maana vijidudu vya TB hujificha. Mwili huvizungushia ukuta, na katikati nyama ya pafu hufa ikawa uchafu mweupe kama maziwa mgando, mahali pasipopita mshipa wowote wa damu. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani na Korea Kusini walitangaza matokeo ya kupima vipande vya mapafu ya wagonjwa wa TB waliofanyiwa upasuaji huko Korea Kusini, baada ya kupewa dawa. Moksifloksasini ilijaa kwenye ukuta, lakini haikuingia vizuri kwenye ule uchafu. Rifampisini na pirazinamidi ziliingia. Rifampisini ilijikusanya humo, dozi baada ya dozi.

Rifampisini ndiyo ile iliyomo katika vidonge vya TB tunavyovidharau, inayogeuza mkojo rangi ya chungwa. (Wengine husema mkojo ukishabadilika dawa imefika. Imefika kwenye figo. Pafuni ni habari nyingine.) Kikohozi hupungua wiki za mwanzo kwa sababu vijidudu vilivyo wazi hufa mapema. Vilivyo ndani ya uchafu vinahitaji dawa ije kila siku, na ndiyo maana TB ya kawaida ya mtu mzima hutibiwa kwa miezi 6. Anayeruka siku, au anayemgawia jirani anayekohoa, anaiondoa dawa kabla haijamaliza kazi, na vinavyobaki vinaweza kuwa sugu.

Sisemi sindano haina kazi. Mtoto mwenye nimonia anayeshindwa kunyonya, mwenye degedege au aliyelegea asiamke, apelekwe kliniki mara moja, na huenda akadungwa. Lakini mtoto asiye na dalili za hatari, Shirika la Afya Duniani linashauri apewe amoksisilini ya kunywa. Na kwa TB sugu, mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2019 uliziondoa kanamisini na kapreomisini, sindano zinazoweza kumwacha mgonjwa kiziwi.

Wahudumu nao waache kusema "meza tu". Mama aliyeelezwa kwamba dawa inapenya polepole huvumilia kichefuchefu kuliko aliyekaripiwa.

Wanaonitia hofu zaidi ni wale wanaoondoka. Familia inaandikishwa kurudi nyumbani au kuhamishwa, baba yuko mwezi wa tatu wa dawa, naye ananyamaza akiogopa jina lake litakatwa kwenye orodha. Mgonjwa wa namna hiyo aje kliniki ya TB mapema, kabla ya siku ya safari, apewe barua ya uhamisho inayoonyesha dawa na mwezi aliofikia, pamoja na vidonge vya njiani.